Vumbi jeupe chini ya benchi la tatu: kisa cha kanisa la kale na watu wanaolitunza kwa kujitolea

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kanisa moja la kijijini, la mawe, lenye umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliye hai, pamoja na watu 14 waliokuwa wakilitunza na kupokea wageni wake bila malipo. Mimi nilikuwa mmoja wao, katibu wa kikundi. Jina la kijiji, dhehebu, na kila jambo ambalo lingemtambulisha mhusika nimeyaondoa. Wenzangu ninaowataja kwa kazi zao wamesoma maelezo haya kabla sijayatoa.

Nimekiandika kwa sababu tuliharibu kitu kisichorudi, na hatukukiharibu kwa uvivu. Tulikiharibu kwa bidii, kwa upendo, na kwa Jumamosi zetu wenyewe. Ninajua vikundi vingine vinavyotunza makanisa ya kale kwa moyo ule ule, na huenda kuna ukuta mahali fulani ambao bado unaweza kuokolewa.

Usuli

Kuta za kanisa zina unene wa karibu sentimita 70. Zimejengwa kwa mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, kisha zikapigwa lipu ya chokaa ndani na nje. Msingi hauna kizuizi chochote cha unyevu, kama ilivyo kwa majengo mengi ya zama zile. Waliojenga hawakukusudia maji yasiingie kabisa ukutani. Walijua yataingia kidogo, wakajenga ukuta unaoweza kuyatoa tena: maji hupanda kutoka ardhini, hupita kwenye viungo vya chokaa, hufika kwenye uso wa lipu na kukauka hewani. Mafundi wa kazi hii husema ukuta wa namna hiyo unapumua.

Ukuta wa kaskazini, ndani, ulikuwa na mistari minne ya Zaburi iliyoandikwa kwa rangi moja kwa moja juu ya lipu, herufi moja ikiwa na urefu wa kiganja. Rangi ilikuwa imefifia, lakini mtu akisimama karibu na benchi la tatu mchana, mwanga wa dirishani ukiwa upande wake, aliweza kusoma kila neno. Watu walikuja kutoka mbali kwa ajili ya maandishi hayo.

Ibada ilifanyika mara mbili kwa mwezi, maana mchungaji alikuwa na makanisa mengine kadhaa ya kuhudumia. Siku zilizobaki kanisa lilikuwa mikononi mwetu, nasi tulikuwa makundi mawili. Kundi la matunzo lilikuwa na watu 6, karibu wote wastaafu wenye ufundi mikononi, wakiongozwa na mzee aliyekuwa amejenga nusu ya nyumba za kijiji. Kundi la mapokezi lilikuwa na watu 8, wengi wao akina mama, na vijana wawili. Hao ndio waliofungua mlango, kufagia, kuweka maua, kupokea wageni na kuwaeleza historia. Makundi haya yalikutana pamoja mara moja tu kwa mwaka, siku ya kusoma hesabu.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango palikuwa na kitabu cha wageni, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee.

Mambo yalivyofuatana

Mwaka wa kwanza wa kisa hiki, doa la unyevu lilionekana chini ya ukuta wa kaskazini, kimo cha goti. Tuliliona mapema. Sote tulikua tukiambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna aliyetaka kujenga ukuta. Msamaria mwema alitupatia mifuko ya saruji. Kundi la matunzo lilibandua lipu ya zamani iliyokuwa imelegea, likapiga lipu mpya ya saruji kutoka sakafuni hadi kimo cha mita moja, urefu wote wa ukuta. Kazi ilichukua Jumamosi mbili. Ilikuwa kazi safi, imenyooka, pembe zimekaa. Ibada iliyofuata waliitwa mbele, kanisa zima likawashukuru.

Hatukuomba kibali. Kwa kweli hatukuwaza kwamba kuziba doa ukutani kunahitaji kibali.

Miezi michache baadaye pakatokea jambo lingine, ambalo wakati huo tulidhani halihusiani kabisa na la kwanza. Vinara viwili vya mishumaa vilitoweka kwenye meza ya pembeni. Havikuwa na thamani kubwa sokoni, lakini vilikuwa vimetolewa na familia moja kwa kumbukumbu ya mtoto wao. Uchungu ulikuwa mkubwa. Kwenye kikao cha dharura tuliamua mlango ufungwe, isipokuwa Jumamosi asubuhi na siku za ibada. Mlangoni tukabandika karatasi: mwenye kutaka kuingia aulize ufunguo nyumba ya jirani. Wageni wakapungua sana. Watu wengi wanaona aibu kugonga mlango wa mtu wasiyemjua ili waombe ufunguo wa nyumba ya Mungu.

Baada ya mvua za msimu uliofuata, mama wa zamu ya Jumamosi alianza kukuta vumbi jeupe chini ya benchi la tatu. Aliniambia baadaye kwamba lilikuwa laini kama unga, na kwamba ukiligusa kwa ulimi lina chumvi. Alifagia. Jumamosi iliyofuata lilikuwapo tena, akafagia tena. Alifanya hivyo kwa miezi kadhaa kwa sababu kufagia ndiyo kazi aliyopewa, na ukuta ulikuwa wa watu wengine, watu ambao kanisa zima lilikuwa limewapigia makofi.

Kisha, asubuhi moja, alifungua mlango akakuta kipande cha lipu chenye ukubwa wa sinia kubwa kimeanguka. Kilikuwa kimebeba karibu nusu ya mstari wa tatu na sehemu ya mstari wa nne. Herufi zilikuwa sakafuni, nyingine zikiangalia juu, nyingine zimejilalia kifudifudi.

Alichofanya mama huyo katika nusu saa iliyofuata ndicho kilichookoa kilichoweza kuokolewa. Hakufagia. Alifunga mlango, akapiga picha za sakafu kwa simu yake akiwa amesimama juu ya benchi, kisha akaleta trei za kuokea kutoka nyumbani, akatandika karatasi, akaokota vipande kimoja kimoja kuanzia upande wa mlangoni. Kila trei aliipa namba, na kwenye karatasi akachora vipande vilitoka wapi. Vilivyosagika alivikusanya kwa kadi laini akavitia kwenye bahasha. Nilipofika, mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

Kikao cha jioni ile kilikuwa kizito. Mzee wa matunzo alisimama na kuuliza, sauti yake ikitetemeka:

“Mama, umeona vumbi miezi yote hiyo. Mbona hukusema?”

“Baba, sikujua kama ni la kusemwa,” alijibu. “Lakini wageni walisema. Imo kitabuni.”

Nilikwenda kuchukua kitabu cha wageni, nikaanza kusoma tangu siku ile lipu ya saruji ilipopigwa. Kati ya salamu na shukrani kulikuwa na maneno saba ya aina moja. Mmoja aliandika kwamba kanisa ni zuri ila kona ya kaskazini inanuka unyevu. Mwingine aliuliza kwa nini rangi inabanduka juu ya saruji mpya. Mtoto, kwa mwandiko wa penseli, aliandika kwamba ukuta unamwaga unga. La mwisho lilikuwa la mgeni aliyejitambulisha kuwa fundi wa chokaa: alikuwa amegonga ukuta kwa kifundo cha kidole akasikia mvungu, na alituomba tumtafute. Lilikuwa limeandikwa wiki tisa kabla ya lipu kuanguka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, wakauona ugonjwa wetu, wakauandika kwa mkono wao kwenye kitabu tulichowawekea wenyewe. Nasi tulikuwa tukifungua ukurasa mpya kila mmoja ulipojaa.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya ukuta

Fundi yule tulimpata, akaja. Alianzia nje. Alizunguka kanisa mara mbili kabla hajaingia, na nje ndiko alikoona chanzo.

Mfereji wa paa upande wa kaskazini ulikuwa umeziba kwa majani, maji yakawa yanafurika na kuteremka ukutani kila mvua iliponyesha. Chini yake palikuwa na kitalu cha maua. Kitalu hicho kilikuwa fahari ya kundi la mapokezi. Tulikuwa tumekijenga ili mgeni anayekuja kwa njia ya kaskazini apokewe na rangi, na udongo wake ulikuwa umepandishwa mpaka juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Kilimwagiliwa kila jioni ya kiangazi. Kwa hiyo ukuta ulikuwa ukinyweshwa kutoka juu wakati wa mvua, na kutoka chini wakati wa kiangazi.

Saruji ilikuja kuyafungia maji hayo njia ya kutokea. Saruji ya aina ya Portland, iliyopatiwa hataza nchini Uingereza mwaka 1824, ni kitu kizuri sana mahali pake, lakini ni ngumu na imeshikamana mno kwa ukuta laini wa mawe na chokaa. Maji yaliyokuwa yakikauka polepole kwenye kimo cha goti yalizuiwa, yakapanda mpaka yalipokuta lipu ya zamani inayopumua, yaani palepale palipoandikwa Zaburi. Maji yanapokauka huacha chumvi. Chumvi hujijenga kuwa vipande vidogo vigumu ndani ya vitundu vya lipu na kuisukuma kutoka ndani. Vumbi lililokuwa likifagiwa kila Jumamosi lilikuwa lipu yenyewe, ikitoka punje kwa punje.

Ufa, basi, tuliuziba mapema. Tuliuziba tu kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi.

Kufungwa kwa mlango kulichangia pia, ingawa hapa inafaa kuwa mwangalifu. Si kweli kwamba kufungua milango na madirisha siku zote hukausha jengo. Siku ya joto lenye unyevu, hewa ya nje ikiingia kwenye kanisa lenye kuta za baridi huacha maji juu ya kuta hizo. Hasara kubwa ya kufunga ilikuwa ya macho. Kanisa lililokuwa likitazamwa na watu kila siku lilibaki likitazamwa kwa saa chache kwa wiki.

Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

*Kutokufanya chochote ukutani kwa wakati ule.* Huu ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote. Watu wenye ufundi wakiona shimo mikono huwawasha, na wawili kati yetu walitaka lizibwe kabla ya ibada inayofuata ili waumini wasilione. Tulishikilia kwamba tumeshaharibu mara moja kwa kuharakisha. Tulisafisha mfereji siku iyo hiyo, tukahamisha kitalu chote cha maua wiki ile, tukachimba udongo mpaka ukashuka chini ya usawa wa sakafu, na tukaweka changarawe itakayopeleka maji mbali na ukuta. Ndani hatukugusa.

*Kwenda kuungama kwa wenye mamlaka.* Nchi nyingi zinayalinda majengo ya kale kisheria, na madhehebu mengi yana utaratibu wake wa vibali juu ya ule wa serikali. Tulikuwa tumevunja vyote viwili. Baadhi yetu waliogopa adhabu. Tulikwenda na picha, trei na kitabu cha wageni. Tulikaripiwa, kwa haki, halafu tukapewa mtaalamu wa kutusimamia. Laiti tungekwenda na lile doa la kwanza, mtaalamu huyo huyo angekuja.

*Kuondoa saruji kwa mkono.* Mashine ingemaliza kwa siku moja, lakini mtikisiko wake ungeangusha maandishi yaliyobaki. Tulitumia patasi ndogo na nyundo nyepesi, tukianzia palipolia mvungu. Pale saruji ilipokuwa imelishika jiwe kiasi cha kutishia kulivunja, tuliiacha. Chumvi iliyochomoza ilipigwa brashi kavu na kuzolewa. Kuiosha kungeiyeyusha na kuirudisha ndani.

*Kungoja ukuta ukauke.* Mafundi wana kipimo cha kukadiria: mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Kwa ukuta wetu hiyo ni zaidi ya miaka miwili. Kwa kuwa tungerudishia chokaa, ambayo yenyewe inaruhusu ukuta uendelee kukauka, mtaalamu alitukubalia miezi 16.

*Kufungua mlango, ukuta ukiwa uchi.* Hapa tuligawanyika vibaya. Mzee wa matunzo alisema ni kuwaanika wageni kwenye aibu yetu. Mimi mwenyewe nilielekea upande wake. Kijana mmoja wa mapokezi ndiye aliyeuliza: tukifunga miezi 16, nani ataona kitu kingine kikianza kuharibika? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tuliamua kanisa liwe wazi kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni, zamu au hakuna zamu. Vitu vidogo vya thamani viliwekwa kwenye sakristia na kufungiwa, sanduku la sadaka likawa linafunguliwa kila jioni ili lisilale na kitu. Nchini Uingereza, ambako makanisa ya kale ya vijijini ni mengi mno, kampuni za bima za makanisa zimekuwa zikihimiza kwamba yaachwe wazi mchana, kwa kuwa jengo ambalo mtu anaweza kuingia wakati wowote si mahali pa mwizi kustarehe. Taasisi ya huko inayotunza makanisa ya kale yasiyo na ibada za kila wiki, iliyoanzishwa mwaka 1969, ina zaidi ya makanisa 350 chini yake na inawategemea sana watu wa kujitolea kama sisi. Hilo lilitupa moyo.

*Kutoandika upya maneno yaliyopotea.* Waumini wengi walitaka Zaburi ikamilishwe. Maneno yanajulikana, yamo kwenye Biblia. Lakini umbo la herufi za yule mwandishi wa kwanza hatukulijua kwa sehemu iliyosagika. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wataalamu wa majengo ya kale wanaufuata mpaka leo, unasema kazi ya kurejesha lazima ikome pale ubashiri unapoanza. Vipande vilivyotambulika vilirudishwa na mtaalamu wa michoro ya ukutani. Palipokosekana pamebaki chokaa tupu, yenye rangi iliyo tulivu kidogo kuliko ya kale.

Siku za chokaa

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo makundi mawili yalipogeuka kuwa moja.

Chokaa tuliyotumia ilikuwa imezimwa, yaani kutiwa maji, miezi mingi kabla na kuhifadhiwa kwenye mapipa chini ya maji. Ukifunika hivyo haiharibiki, inazidi kuwa laini. Ukiitoa kwa mwiko inakaa kama samli iliyoganda. Tuliichanganya na mchanga mkali uliooshwa, sehemu moja kwa tatu kwa ujazo, tukaipiga kwa tabaka zisizozidi sentimita moja. Kila tabaka lilingoja. Chokaa haikauki tu kama udongo, inavuta hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe polepole. Ikikauka haraka kabla ya hapo inapasuka na kuwa unga. Kwa hiyo baada ya kila tabaka tulitundika magunia mabichi mbele ya ukuta, na mtu alipaswa kuja kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni.

Nani angekuja mara tatu kwa siku? Watu wa zamu za mapokezi, kwa kuwa mlango sasa ulikuwa wazi. Na wakiwa pale na ndoo na kinyunyizio, wageni waliuliza wanafanya nini. Nilimsikia mama yule wa Jumamosi akimweleza mgeni habari za chumvi na saruji, bila kuficha kosa, na akimwonyesha namna ya kugonga kwa kifundo cha kidole pembeni pasipo na maandishi, asikie tofauti ya sauti nzima na sauti ya mvungu. Wageni walikaa zaidi ya saa nzima. Siku za maua walikuwa wakikaa dakika kumi.

Wote walioshika chokaa walivaa miwani ya kukinga macho na glavu. Chokaa mbichi huunguza, na tone moja jichoni linaweza kumpofusha mtu. Watoto walitazama kutoka nyuma ya kamba.

Mzee wa matunzo hakuja siku ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu alikuja akakaa benchi la nyuma. Fundi alipokuwa akihangaika na pembe ya dirisha, mzee aliinuka, akaomba mwiko, akaimaliza. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika.

Matokeo

Sehemu ya mstari wa tatu na maneno mawili ya mstari wa nne vimepotea kabisa. Tumerudisha vipande 31. Vinara havijapatikana. Watu wawili walijiondoa kwenye kikundi, mmoja kwa hasira juu ya kufunguliwa kwa mlango, na hatukuweza kumrudisha. Kazi yote iligharimu mara nyingi zaidi ya ile ambayo kusafisha mfereji na kuhamisha kitalu kungegharimu mwanzoni.

Upande mwingine, unyevu umeshuka, chumvi haitoki tena kwa kiasi cha kuonekana, na tangu mlango uachwe wazi hakuna kitu kilichoibwa. Hilo la mwisho silitaji kama uthibitisho, ni kanisa moja tu. Sadaka za wageni zimepanda kuliko wakati wowote ninaoukumbuka kama katibu.

Uchambuzi

Ukituuliza siku ile ya kikao ni nani aliyekosea, tungesema saruji. Leo nasema saruji lilikuwa kosa la pili. La kwanza lilikuwa kugawa kazi moja vipande viwili na kuviweka mbali. Tulidhani kutunza jengo na kupokea wageni ni huduma mbili. Lakini anayepokea wageni ndiye anayekaa ndani ya jengo kwa saa nyingi zaidi, katika mwanga wa kila namna, mvua na jua. Ndiye anayesikia harufu anapofungua mlango asubuhi, kabla pua haijazoea. Watu 8 walikuwa na habari zote kuhusu ukuta ule. Watu 6 walikuwa na mamlaka juu yake. Kati yao kulikuwa na kikao kimoja kwa mwaka.

Shukrani zetu nazo zilifunga midomo. Tulipowaita mafundi mbele na kuwapigia makofi, tuliifanya kazi yao iwe ngumu kuulizwa. Sisemi watu wasishukuriwe. Ninachosema ni kwamba lipu ile ilishukuriwa ikiwa na wiki mbili, na kwa jengo la mawe wiki mbili si kitu.

Kitabu cha wageni tulikiona kama adabu, jambo la kumfanya mgeni ajisikie amethaminiwa. Sasa kinasomwa kila Jumatatu na watu wawili, mmoja wa matunzo na mmoja wa mapokezi, na neno lolote linalohusu harufu, maji, ufa, vumbi, mdudu au sauti linahamishiwa kwenye daftari la jengo pamoja na tarehe na jina la atakayekwenda kutazama. Ni mabadiliko madogo kuliko yote tuliyofanya. Kama ningelazimika kubaki na moja tu, ningebaki na hili.

Kuhusu kilichofanikiwa, ninarudi kwa mama aliyeacha kufagia. Nimemuuliza mara kadhaa ni nani aliyemfundisha. Hakuna. Anasema aliona herufi akahisi kama ameona mtu ameanguka, na mtu aliyeanguka humbururi. Kama angefuata ratiba ya zamu, vipande 31 vingekuwa kwenye jalala. Siku hizi mtu mpya wa mapokezi, kabla hajafundishwa historia ya kanisa, anafundishwa kwamba kitu kikianguka hakifagiwi: funga, piga picha, ita mtu.

Zoezi hilo limetufungua macho kwa mambo mengine tuliyokuwa tukiyaharibu kwa usafi. Vibao vya shaba vya kumbukumbu vilikuwa vinasuguliwa kila wiki kwa dawa ya kung'arisha, na majina kwenye viwili yalikuwa yameanza kulika, kwa kuwa dawa ile hung'arisha kwa kukwangua. Aliyevisugua alifanya hivyo kwa miaka mingi kwa heshima ya waliotajwa humo. Tulimweleza kwa upole, naye alilia. Sasa vinafutwa vumbi kwa kitambaa kikavu tu.

Kuna jambo ambalo tulilishughulikia vibaya mpaka mwisho, nalo ni mzee wa matunzo. Kikao kile kilimwacha peke yake. Alikuwa ametumia vifaa alivyovijua, kwa ujuzi uliojenga kijiji, baada ya sisi sote kukubali. Taarifa ya kwanza niliyoiandika kama katibu ilisema “kundi la matunzo lilipiga saruji”. Nilipaswa kuandika “tulipiga”. Nimeirekebisha kwenye kumbukumbu, lakini wiki mbili alizokaa nyumbani baadaye zilitokana na sentensi ile kwa sehemu kubwa, na nilimwomba radhi ana kwa ana.

Wapo watakaosema kisa hiki kinaonyesha kwamba watu wa kujitolea wasiguse majengo ya kale, wawaachie wataalamu. Sikubali. Chama cha kwanza cha kulinda majengo ya kale huko Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris na wenzake, kilisisitiza tangu siku zake za mwanzo kwamba uharibifu uzuiwe kwa matunzo ya kila siku. Mkataba wa Venice nao unataka majengo haya yatunzwe mfululizo, na unasema kuyatumia kwa faida ya jamii husaidia kuyahifadhi. Matunzo ya kila siku hayawezi kufanywa na mtaalamu anayekuja mara moja kwa mwaka. Yanafanywa na mtu mwenye ufunguo, ufagio na ngazi fupi. Mfereji uliotugharimu Zaburi ulikuwa umezibwa na majani ambayo mikono miwili ingeyatoa kwa dakika ishirini.

Kwa hiyo ratiba yetu ya sasa inaanzia juu na kushuka: mfereji kabla ya mvua na baada ya mvua, paa kwa kutazamwa kutoka chini kwa darubini ya mkononi, usawa wa udongo kuzunguka kuta, njia za maji, ndipo ndani. Kila zamu ya matunzo ina mtu mmoja wa mapokezi. Kitalu cha maua kiko mita nne kutoka ukutani, na wageni wa njia ya kaskazini bado wanakipita.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mama yule na mzee wanapiga picha moja ya kona ya kaskazini kutoka mwisho wa benchi la tatu, wakati ule ule wa mchana. Mzee anashika karatasi nyeupe chini ya ukuta, anapitisha brashi laini mara moja, kisha wanaitazama pamoja karatasi hiyo dirishani. Mwezi uliopita palikuwa na punje chache karibu na pembe ya dirisha, pale pale alipomalizia mwenyewe. Wameziandika, na fundi anakuja wiki ijayo.